Mwanangu, usiseme "ni kweli" ili mambo yaishe

Mwanangu,

Assalam aleikum. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu jana ulikuwa ukinijibu huku watu wengine wanakusemesha, na nilivyosikia mmoja wao ni tajiri, mwenye gari la abiria unaloliendesha. Jumatatu asubuhi utasomewa mashtaka ya ile ajali ya Kikambala, ulipogongana na pikipiki ya boda. Haya yasome ukiwa peke yako, na uwe umeshakula.

Jioni tajiri alinipigia mwenyewe. "Mama, mwambie akubali tu, faini nitalipa mimi, gari litoke, kazi iendelee." Alisema kwa adabu, na huenda kweli atalipa. Lakini aliyeshtakiwa ni wewe. Yeye gari lake limefungiwa uani kwa polisi, na kila siku lisipokwenda Malindi ni hasara, ndiyo hesabu anayoipiga. Wewe una hesabu yako.

Unaijua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Karani wa korti hukaa chini ya meza ya hakimu, akasoma mashtaka, akatafsiri, kisha akauliza: "Ni kweli ama si kweli?" Swali hilo nimewauliza watu wa kila namna, na wanaolijibu kwa pupa kuliko wote ni madereva. Mtu amelala seli, shati limekunjamana, mkewe yuko benchi la nyuma na mtoto mgongoni, foleni ya washtakiwa imefika mlangoni. Anasema "ni kweli" kabla sijamaliza kusoma. Akishatolewa kizimbani ndipo anamshika askari mkono kumuuliza: afande, nimekubali nini hasa?

Basi ujue mapema unaulizwa nini. Umeshtakiwa chini ya kifungu cha 47 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Hicho si kosa la kugonga. Ni kosa la kuendesha gari bila kujali, au kwa mwendo au namna iliyo hatari kwa umma, na sheria yenyewe inamtaka hakimu aangalie hali ya barabara na magari yaliyokuwapo au yaliyotarajiwa kuwapo wakati ule. Kwa mkosaji wa mara ya kwanza adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 2. Kuna kosa jingine jepesi zaidi, la kuendesha bila uangalifu wa kutosha, na hilo lina kifungu chake, cha 49. Na kuna kifungu cha 46, cha kusababisha kifo, ambacho kinafika miaka 10 jela. Namshukuru Mungu kijana wa boda yuko hai, na ninamwombea kwa sababu zake mwenyewe kabla ya zako.

Ukikubali Jumatatu, kiongozi wa mashtaka atasoma maelezo ya kisa na hakimu atakuuliza kama maelezo hayo ni sahihi. Hapo ndipo wengi husema "ni kweli, lakini pikipiki ilijitokeza ghafla." Hakimu makini akilisikia hilo "lakini" ataandika kwamba umekana, maana mtu hawezi kukubali kosa na kujitetea kwa pumzi moja. Hakimu aliyechoka anaweza asilisikie. Ukishahukumiwa kwa kukubali mwenyewe, huwezi kukata rufaa juu ya hatia, utabaki na rufaa ya adhabu tu, yaani ukubwa wake au uhalali wake.

Jambo ambalo tajiri hakukwambia ni hili, na sidhani kwamba halijui. Yule kijana amevunjika mguu, na wakili wake atadai fidia, wewe na mwenye gari mkiwa wadaiwa pamoja. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, inasema hukumu ya hatia ikishakuwa ya mwisho ni ushahidi kamili kwamba ulitenda kosa hilo. Kwa hiyo kwenye kesi ya fidia hakuna atakayeuliza tena kama uliendesha vibaya. Mtabaki kubishania kiasi cha pesa, na kama kijana naye alichangia. Ongeza leseni yako, ambayo korti ina uwezo wa kukunyang'anya, na ongeza ile karatasi ya mwenendo mwema ambayo kila kampuni ya mabasi huiomba. Faini ya tajiri hailipi hata kimoja kati ya hivyo.

Najua unachoogopa, maana nilikulea nikikukataza uongo. Kusema "si kweli" kizimbani si kuapa kwamba huna kosa. Ni kuwaambia: mmeniita mkosaji, thibitisheni. Katiba, ibara ya 50, imekupa haki ya kuhesabiwa huna hatia mpaka ithibitishwe, muda wa kutosha kujiandaa, na kuuona mapema ushahidi watakaoutumia. Hiyo ya mwisho iombe siku hiyo hiyo, kwa sauti, ili hakimu aiandike: taarifa za mashahidi, mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, fomu ya P3 ya majeruhi, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. Nimeona madereva wakiingia kwenye kusikizwa hawajaona hata karatasi moja, wanasikia kila kitu pamoja na hakimu.

Sasa utetezi wenyewe. Korti zetu hufuata kanuni iliyotokana na kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1971, ya mtu aitwaye Gosney. Mwanamke huyo alikuwa akiendesha upande usio wake kwenye barabara ya njia mbili zilizotenganishwa, jambo ambalo ukilisikia tu unasema amekwisha. Yeye alitaka kuonyesha kwamba barabara ilivyojengwa ingeweza kumpoteza hata dereva makini, na akakataliwa kuleta ushahidi huo. Korti ya rufaa ikafuta hatia. Hatari peke yake haitoshi. Lazima pawe na kosa la dereva, yaani ameshuka chini ya uangalifu au ustadi wa dereva anayejua kazi, kwa hali ilivyokuwa pale. Kwa hiyo hali ya pale Kikambala ndiyo kesi yako. Palikuwa na alama kwamba kuna barabara ya murram inayoingilia? Magugu yalikuwa yameziba? Rudi na wakili mkapige picha saa ile ile ya jioni, kabla kaunti haijakumbuka kufyeka.

Picha za abiria pia, za simu, zitafute leo. Kituo cha mafuta kilicho mbele kina kamera, na kamera hizo hujifuta zenyewe baada ya muda, wala hakuna atakayekuwekea. Makanga wako ataulizwa, naye anakula kwenye gari hilo, kwa hiyo usimtegemee yeye peke yake. Abiria asiyekujua ana uzito zaidi.

Askari aliyechora ule mchoro alifika watu wameshasogeza pikipiki kando. Umenieleza hilo mara mbili, nami nalitia maanani kuliko yote uliyoniambia. Akiwa kizimbani aulizwe: Afande, ulipofika pikipiki ilikuwa wapi? Nani aliisogeza? Nani alikuonyesha mahali palipogonganiwa? Vioo vilivyovunjika uliviona wapi? Basi. Mwanasheria mzuri hukaa hapo. Mbaya huendelea na kuuliza "sasa kwa nini ulimshtaki mteja wangu?" na askari anapata nafasi ya kueleza kila alichosahau. Na akija shahidi kusema ulikuwa unakwenda mbio, aulizwe alikuwa amesimama wapi na alilitazama gari kwa muda gani. Kasi ni jambo ambalo kila mtu wa kando ya barabara hujiona fundi wake.

Kuhusu makosa madogo kwenye karatasi ya mashtaka, herufi ya namba ya gari na mengineyo, usiyafurahie. Watu hapa mtaani watakwambia kesi itatupwa. Upande wa mashtaka utaomba kurekebisha na utaruhusiwa.

Wakishamaliza mashahidi wao hakimu ataamua kama una kesi ya kujibu. Ukiwa nayo, utachagua: kuapa na kuhojiwa, kutoa maelezo bila kiapo, au kunyamaza. Hilo mtaliamua na wakili wakati huo, si sasa. Na yupo mtu atakayekuja kukunong'oneza kwenye varanda kwamba faili inaweza kupotea kwa kitu kidogo. Faili huonekana tena, na hapo kitu huwa kikubwa.

Jana alasiri mimi na shangazi yako tulikwenda hospitali. Hatukutaja kesi, na wewe usiende, kwa sababu yeye ni shahidi na ukiongea naye wanaweza kusema unamvuruga, dhamana ikafutwa. Mguu umening'inizwa, chuma kimepita kwenye mfupa. Mamake alipokea machungwa, akayaweka juu ya kabati, akaniuliza tu: "Mwanao alikuwa na haraka gani?" Sikuwa na la kumjibu. Nimerudi nalo nyumbani.

Kwa sababu kuna jambo moja hujanieleza. Ulisema ulikuwa unalipita lori la mchanga. Pale kabla ya kona kuna mstari usiokatika, ule wa kukataza kulipita gari jingine. Ulianza kupita kabla ya mstari, au juu yake? Ukiwa ulipita juu yake, mambo yanabadilika, na sitaki wakili alijue hilo kutoka kwa kiongozi wa mashtaka. Hata hapo bado Jumatatu utakana, kisha wakili, akishaona faili, anaweza kukaa na upande wa mashtaka wakazungumzia kosa lile jepesi, ukakubali ulichokifanya na si zaidi. Hiyo ni njia halali, sheria inaitambua, na kijana wa watu hatanyimwa haki yake kwa ajili hiyo.

Wakili nimempata, tutakutana naye saa 2 asubuhi mlangoni pa korti. Njoo na risiti ya dhamana, leseni, na nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Kabla ya hapo andika kwa mkono yote yaliyotokea, tangu mlipotoka stendi. Juu ya karatasi andika kwamba ni maelezo kwa wakili wako, umkabidhi yeye, usinitumie mimi kwa WhatsApp wala usimwonyeshe tajiri. Na la mstari liandike la kwanza.

Mamako