Wazazi wa Nunavut wapewe nafasi kwenye mipango ya shule

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hii ishu ya shule za Nunavut huku Kanada inaniuma sana. Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini, ni kama asilimia 85 ya watu kule, na sheria ya elimu ya 2008 iliahidi watoto wasome Kiinuktituti, lugha yao, pamoja na Kiingereza au Kifaransa madarasa yote ikifika 2020, halafu 2020 yenyewe bunge la Nunavut likasogeza mpaka 2039, yaani aliyeanza chekechea mwaka ule atakuwa kashamaliza shule kitambo.

Serikali ya kule inasema walimu hawatoshi, ni kweli, lakini kila mji una kamati ya elimu iliyochaguliwa na wakazi, sasa mbona mpango wa kuboresha shule usianzie kwao, kwa lugha yao, badala ya kuletewa karatasi limeshaandikwa waitikie tu? Na yule bibi anayekwangua ngozi ya sili kwa ulu, kile kisu chao cha nusu duara, huku anawaelekeza watoto kwa Kiinuktituti hatua kwa hatua mpaka buti linashonwa, huyo ni mwalimu jamani, aingizwe kwenye ratiba na alipwe mshahara kamili.

Msomaji wenu,
Edmonton, Kanada