Barua ya malalamiko: Mamangu kuzuiwa langoni kwa sababu ya leso (kanga)

Kwa Meneja Mkuu,
Hoteli ya ufuoni,
Mombasa.

KUH: KUNYIMWA HUDUMA KWA SABABU YA MAVAZI

Bwana Meneja,

Jumapili iliyopita niliweka kwenu meza ya watu sita, chakula cha mchana, saa saba. Arubuni ya shilingi 6,000 nililipa kwa M-Pesa siku nne mbele, na ujumbe wa kuthibitisha ninao mpaka sasa. Hatukula hata tonge.

Mamangu ana miaka 71. Juzijuzi alitolewa mtoto wa jicho, na alipoanza kuona vizuri akatuambia anatamani kukaa mahali pa juu aitazame bahari kwa raha zake. Miaka yote hiyo alikuwa akiiangalia kwa kungoja ngalawa ya marehemu baba, basi. Ndiyo maana tukachagua kwenu. Alivaa dera, na juu yake jozi ya leso tuliyomnunulia Biashara Street, moja kiunoni, moja kichwani, bado ina ule ugumu wa dukani.

Bawabu akatusimamisha. "Samahani, bi mkubwa hawezi kuingia na leso." Nikadhani ni mzaha. Akiwa bado anatueleza, wageni wawili wakapita wakitoka ufuoni, mmoja kifua wazi, taulo begani, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni. Bawabu akawapigia saluti. Nikaomba nioneshwe sheria hiyo imeandikwa wapi. Akaitwa msimamizi, naye akasema ni utaratibu wa hoteli, kwamba leso ni nguo ya jikoni. Kisha akatupa suluhisho lake: mama avue leso aziache kwenye kibanda cha bawabu, atazichukua akitoka.

Mamangu si mwanamke wa kelele. Aliuliza tu, "Nivue nguo yangu hapa, mbele ya wanangu?" Hakujibiwa.

Na nyuma ya huyo msimamizi, Bwana Meneja, alipita mhudumu wenu na sinia la madafu. Sare yake imeshonwa kwa leso. Vitambaa vya meza kwenye picha zenu za matangazo ni leso pia. Kwa hiyo leso inaingia hotelini kwenu kila siku, ila isiwe imevaliwa na mteja.

Sipingi kwamba mwenye biashara ana haki ya kuweka masharti. Mimi mwenyewe nina kibanda cha viungo sokoni Kongowea, na nimewahi kumrudisha mlevi aliyekuja kutukana wateja wangu. Lakini yule nilimrudisha kwa alilolifanya, na kesho yake alipokuja akiwa mzima nilimpimia bizari yake kama mtu mwingine yeyote. Mkitaka, andikeni kwamba kila anayeingia kula afunike kifua na avae viatu, na mimi nitaitii. Sharti linalomkamata bibi wa leso na kumwacha mwanamume aliye kifua wazi siwezi kuliita sharti la mavazi.

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 27, inakataza ubaguzi, na miongoni mwa misingi iliyotajwa waziwazi ni dini, utamaduni na mavazi. Kifungu cha (5) hakizungumzii serikali: kinasema mtu asimbague mwenzake kwa misingi hiyohiyo. Lango kuwa lenu hakuwaondoi humo. Mnakumbuka pia mwaka 2015, Nairobi, mkahawa mmoja wa Kichina uliokuwa ukizuia Waafrika ikifika jioni. Nchi nzima ilichemka na mkahawa ukafungwa. Wale nao walikuwa na maelezo yao, kwamba ni usalama. Maelezo hayakosekani.

Ninayoyataka ni haya. Arubuni yangu irudi yote. Mamangu aandikiwe barua ya kuombwa radhi, kwa Kiswahili, iwe na sahihi yako, si ya msimamizi. Na sharti lenu la mavazi libandikwe langoni, lisomeke, liwe moja kwa kila anayeingia. Bawabu msimguse, kijana wa watu alikuwa akisema alichoambiwa aseme, na macho yake alikuwa ameyainamisha. Nikikosa jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, na ikibidi mahakamani.

Kuhusu ule mlo wa bure ambao msimamizi alitupigia simu Jumatatu kutuahidi, hatuuhitaji. Tulipotoka kwenu tulikwenda ufuoni pa Mama Ngina, tukala viazi karai na mihogo kwa ukwaju. Mama alikaa juu ya ukuta na leso zake zote mbili, akatazama meli ikiingia bandari ya Kilindini mpaka ikapotea.

Wako mwaminifu,
Mteja mliyemrudisha