Barua ya wazi kwa watafiti vijana: anzeni na hesabu ya kaya

Wanangu,

Nawaandikia kabla hamjagusa fomu ya mfadhili. Wengi wenu mnamaliza wiki tatu kwenye utangulizi, halafu bajeti mnaiandika usiku wa mwisho. Anayelipima andiko la kuomba fedha huweka swali, sampuli na bajeti pamoja, na visiposomana, uzuri wa utangulizi hauwaokoi.

Tuseme mnauliza: ni kaya ngapi Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, zinakunywa maji ya ziwa bila kuyatibu? Swali hilo linapimika. "Kuelewa changamoto za maji" hakupimiki, kwa sababu hakuna atakayejua mmemaliza lini.

Kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, bila makadirio ya awali ya jibu, mnahitaji sampuli ya kaya 385. Kama asilimia 10 zitakataa au hazitapatikana, gawanyeni kwa 0.9: mnapata 428. Lakini mkichagua vijiji kwanza ndipo mchague kaya, kumbukeni kwamba majirani huchota pale pale na mazoea yao hufanana. Ili kufidia kufanana huko, sampuli huzidishwa; kizidishi kikiwa 2, mnafika 856. Maandiko mengi huangukia hapa: sampuli ni 385, ilhali uteuzi ni wa vijiji.

Sasa posho. Mdadisi akimudu kaya 8 kwa siku, kaya 856 ni siku-kazi 107. Kwa wadadisi 5 ni siku 22. Ongezeni siku 2 za mafunzo, 1 ya kujaribu dodoso, na 2 za kurudia nyumba zilizokutwa zimefungwa. Jumla ni siku 27, yaani posho za siku 135 kwa wadadisi wote 5. Boti za visiwa vidogo zipeni mstari wake. Msizizike ndani ya "usafiri".

Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kina foleni yake, na baada yake kuna barua za Katibu Tawala wa Mkoa na wa Wilaya, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Mimi ningetenga miezi 3 isiyo na posho ya uwandani hata moja. Tena angalieni masika, Machi hadi Mei: watu hukinga maji ya mvua, na jibu lenu litabadilika pamoja na msimu. Semeni wazi mnapima msimu gani, na kwa nini.

Barua ya mkuu wa taasisi iombeni wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha. Ikikosa sahihi, andiko linaweza kuondolewa bila kusomwa.

Mzee wenu