Mwanaidi, usimwandike Simcoe peke yake

Toronto, Agosti

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Hujambo, watoto hawajambo, mama mkubwa mguu umepoa? Sisi wazima, joto tu limetukamata. Leo Jumatatu ya kwanza ya Agosti watu hawaendi kazini, na hapa mjini siku hii inaitwa kwa jina la huyo huyo John Graves Simcoe uliyeniulizia. Nikasema basi leo nimjibu mwalimu, asije akamaliza kuchora ubao wake.

Umesema unataka kumweka Simcoe darasani kama kiongozi wa Kiingereza aliyepinga utumwa. Shoga yangu, nakuomba, usimweke peke yake.

Wasifu wake si mgumu. Kazaliwa Uingereza 1752. Baba yake, nahodha wa jeshi la majini, alifia melini 1759 wakielekea Quebec. Kijana akasoma Eton, akapita Oxford, akawa askari, na katika vita vya uhuru wa Marekani akaongoza kikosi cha Queen's Rangers. 1791 akawa luteni gavana wa kwanza wa Upper Canada, ndiyo Ontario ya leo, na mji huu ninaokaa aliuanzisha yeye 1793, akauita York. Hayo wanafunzi watayanakili, mtihani ukipita watayasahau.

Nataka wasimsahau Chloe Cooley. Tarehe 14 Machi 1793, pale Queenston kando ya mto Niagara, huyu mama alikuwa mtumwa wa mtu aitwaye Vrooman. Bwana wake akamfunga kamba, akamtia mashuani kwa nguvu akisaidiwa na wanaume wengine wawili, akamvusha kwenda kumuuza upande wa New York. Chloe alipiga kelele na kupambana njia nzima. Wiki moja baadaye Peter Martin, mtu mweusi aliyekuwa huru, aliyempigania Mwingereza katika kikosi cha Butler's Rangers, akasimama mbele ya baraza la gavana, yaani Simcoe, jaji mkuu William Osgoode na Peter Russell, akaeleza yote. Hakwenda mikono mitupu, alikwenda na shahidi, mzungu, William Grisley, aliyeiona ile kamba kwa macho yake. Hebu fikiria ujasiri huo, Mwanaidi, kumshtaki mwenye mtumwa mbele ya watu ambao wenyewe... ngoja, huyo Russell nitamrudia.

Kesi ya Vrooman haikufika popote, kwa kuwa kisheria mtumwa alikuwa mali. Hapo ndipo Simcoe akataka sheria mpya, na mwanasheria mkuu John White akaipeleka bungeni. Wabunge kadhaa walikuwa na watumwa wao, kwa hiyo ilitoka imekatwakatwa, tarehe 9 Julai 1793. Marufuku kuingiza watumwa wapya. Waliokuwa watumwa wabaki hivyo hadi kufa. Mtoto atakayezaliwa baada ya hapo aachiwe akitimiza miaka 25. Siku ile hakufunguliwa hata mtu mmoja! Wajerumani nao walikuja kufanya kitu cha namna hiyo kwetu Tanganyika: mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya 1905 huru, mama yake bado wa mtu. Waonyeshe wanafunzi sheria hizo mbili pamoja, wataelewa upesi.

Sasa Russell. Mwaka 1806 mzee huyu, aliyekaa barazani akamsikiliza Martin, alitangaza gazetini kwamba anamuuza mwanamke aitwaye Peggy na mwanawe Jupiter wa miaka 15. Piga hesabu: Jupiter alizaliwa kabla ya sheria, kwa miaka miwili tu. Jambo hilo linaniuma kuliko yote.

Na Simcoe mwenyewe, 1797 akapelekwa Saint-Domingue, Haiti ya leo, kuongoza jeshi la Waingereza dhidi ya Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioasi, mahali ambapo Waingereza walikuwa wanaulinda utumwa. Miaka minne tu baada ya sheria yake!

Simnyimi haki yake. Ilikuwa sheria ya kwanza ya kubana utumwa katika makoloni ya Uingereza, na mtumwa aliyetoroka Marekani akikanyaga Ontario alikuwa huru. Ila bila kelele za Chloe na miguu ya Peter Martin, baraza lingekuwa na nini cha kujadili?

Haya niambie, ubao una nafasi ya majina matatu? Ni kidato cha ngapi hao, na mkuu wako wa shule atakubali jina la mwanamke mtumwa likae juu ya la gavana? Unaweza kuwaigizisha kile kikao cha baraza, yule binti wa Kombo mwenye sauti awe Chloe? Bi Rehema kasemaje kuhusu harusi? Na kile kiwanja cha Pongwe, hati imetoka au bado mnazungushwa?

Wako,
Mwanahamisi