Bujora haikuanza kama magofu ya mapadre

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika humu kwamba Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, ni nyumba ya mapadre iliyoachwa ikageuzwa makumbusho. Sivyo. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha misheni hiyo miaka ya 1950, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968 ubavuni mwa kanisa ambalo hadi leo lina waumini wake.

Kanisa lenyewe ni la mviringo mfano wa nyumba ya Kisukuma, nalo banda la watemi, yaani machifu wa Kisukuma, limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Humo ndimo zilimotunzwa ngoma za kitemi, ambazo huenda zingepotea baada ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963; ukisogea karibu utaona vigingi vya mti vilivyoishikiza ngozi, wala hapana msumari.

Msomaji huyo aje wakati wa Bulabo, sikukuu ya Ekaristi, makundi mawili ya ngoma ya Kisukuma, Bagika na Bagalu, yanaposhindana kucheza. Aje mapema, maana vumbi la uwanjani halichagui mgeni.

Msomaji wako,
Kisesa, Mwanza