YAH: KUFUNGIWA TAIRI ZA SAIZI MBILI TOFAUTI, KUJAZIWA UPEPO WA 51 NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATU

Kwa Meneja Mkuu,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima na naomba barua hii isomwe na mtu mwenye maamuzi, isirudishwe kule kule kaunta kwa msimamizi yule yule, maana kwake nilishaongea na majibu yake ndo yamenifanya nikae chini niandike.

Masharti yenu ya kubadilisha tairi mnayajua, waranti yenu mnaijua na risiti yangu iko kwenye mfumo wenu, kwa hiyo hayo nayaruka. Niliagiza tairi nne za 225/65R17 102H. Niliandika hivyo hivyo kwenye meseji, mkajibu "zipo mama, lete gari". Nimetoka kwenu na 225/65R17 mbili nyuma, mbele mmenifungia 215/60R17 96H mbili. Na gari ni SUV ya fowili, inavuta tairi zote nne. Hakuna aliyeniuliza wala kuniambia, na risiti imeandikwa tairi nne za 225/65R17.

Najua kuna mtu hapo ofisini atasema 215 na 225 zimepishana milimita kumi tu, msimamizi wenu alisema hivyo hivyo. Sio kumi. Hiyo kumi ni upana peke yake. Namba ya pili ni asilimia ya huo upana, ndo inayotoa urefu wa ukuta wa tairi, kwa hiyo 65 ya 225 ni milimita 146 na 60 ya 215 ni milimita 129, na ukuta upo juu na chini ya rimu, chukua mara mbili halafu jumlisha rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432. Tairi niliyoagiza ina kimo cha milimita 724 hivi, mliyonifungia 690. Zimepishana milimita 34! Mbele gari imeshuka milimita 17, inaonekana kwa macho ukisimama pembeni, nina picha.

Na kwa fowili kushuka ndo tatizo dogo. Tairi ndogo inazunguka zaidi kufika pale pale, za nyuma zikizunguka mara 100 za mbele zinazunguka mara 105, muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka. Mfumo wa fowili unaona mbele panazunguka haraka kuliko nyuma, unadhani tairi za mbele zinateleza, unaanza kupeleka nguvu nyuma mahali ambapo haihitajiki, klachi za ndani zinasuguana na kupata moto. Ndo maana nikikata kona taratibu gari inanguruma chini na kushikashika, na taa ya fowili ikawaka kwenye dashibodi. Gari haikuwa na hiyo taa siku naileta kwenu. Fundi wa kwanza niliyemuonyesha baada ya hapo aliinama, akasoma tairi ya mbele, akasoma ya nyuma, akanyanyuka akauliza nani kafunga hizi. Nikamtajia. Akatingisha kichwa tu.

Halafu kuna uzito. Ile namba ya mwisho kwenye saizi, kabla ya herufi H, ni ya uzito: 102 inabeba kilo 850 kwa tairi moja, 96 inabeba kilo 710. Mmenipunguzia kilo 140 kila upande wa mbele, kule kwenye injini. Mimi napakia familia na mizigo, nyie mmeangalia tu kama tundu la rimu linaingia.

Sasa nije kwenye upepo, maana hapa ndo penye kidonda.

Stika ya gari yangu iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, inasema psi (kipimo cha upepo) 33 mbele na 33 nyuma, tairi zikiwa za baridi. Mmejaza 51 zote nne. Nilipoona gari inarukaruka kwenye kila kijiwe nikarudi hapo hapo, nikasimama kaunta, nikasema kwa adabu kaka naomba mnipimie upepo naona umezidi, stika inasema 33. Msimamizi wenu hakunyanyuka. Alisema, nanukuu, "Mama, tairi yenyewe imeandikwa 51, wewe unajua kuliko kiwanda? Kazi yako kuendesha, namba tuachie sisi." Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nikamwambia hiyo 51 ya ubavuni ni kikomo cha tairi, ni ile ya kutokuvuka, haijui imefungwa kwenye gari gani wala gari ina uzito gani, ya gari ni ile ya mlangoni. Akageukia mteja mwingine. Nikabaki nimesimama nimeshika risiti.

Tafadhali wafundisheni watu wenu hiki kitu kama hamjawafundisha. Tairi hiyo hiyo inafungwa kwenye magari tofauti kabisa, ndo maana kila gari ina stika yake. Ukijaza 51 kwenye gari ya 33 tairi inakaa imevimba, inakanyaga kwa katikati tu, mshiko unapungua, breki kwenye lami yenye maji inakuwa ndefu na tairi inalika katikati. Ukijaza chini ya kiwango inalika pembeni pande zote mbili na inapata moto ubavuni mpaka inaweza kupasuka. Vyote viwili vina hatari na vyote viwili vinazuilika kwa kufungua mlango wa dereva na kusoma. Na mngenipimia asubuhi gari ikiwa imelala, au imepaki masaa matatu, ndo namba ya kweli, maana ukishatembea tairi inapata joto na presha inapanda yenyewe. Niliyopimiwa baadae na fundi mwingine, gari imelala usiku kucha, bado zote zilisoma karibu 50. Kwa hiyo sio joto. Ni nyie.

Na tairi ya akiba, ile nyembamba ya muda, kwenye stika hiyo hiyo imeandikwa 60 na isizidi kilomita 80 kwa saa. Mafundi wenu wameitoa buti, wakaigusa, wameiacha na 33. Yaani ile ya 60 ina 33 na zile za 33 zina 51. Sijui mnasoma nini mkishika gari ya mtu.

Kitu kingine nilitaka kukisema mwanzo. Zile 215 za mbele mlizoniuzia kama mpya zina namba ya tarehe ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 3119. Hiyo ni wiki ya 31 ya mwaka 2019. Za nyuma ni za juzijuzi. Kwa hiyo mlikuwa na mbili za saizi yangu, mkatafuta stoo mbili zozote zinazoingia inchi 17 mkamalizia. Mngeniambia "mama tunazo mbili tu, subiri" ningesubiri. Ningesubiri kabisa.

Nirudi kaunta kwa sababu sijamaliza na najua ripoti mtakayoletewa itasema mteja alikuwa mkali. Sikuwa mkali. Nilikuwa na mama yangu mzazi, mtu mzima, amekaa kwenye lile benchi na watu wengine, na alisikia yote. Nilisema naomba mnipimie, stika inasema 33. Yule bwana akasema wewe unajua kuliko kiwanda, kazi yako kuendesha, na sio kwamba alisema kwa sauti ya chini, alisema akiwaangalia wale wateja wanaume ili wacheke, na wakacheka. Na hili sijaliandika pale juu: kijana wenu mmoja, fundi, alikuwa ameshatoka na geji mkononi, ameshafungua mlango wa gari yangu na kuinama anasoma stika. Alinyanyua kichwa akasema "bosi ni kweli ni 33". Msimamizi akamwambia acha hiyo gari rudi kazini. Kijana akafunga mlango akarudi. Halafu ufunguo wangu ukasukumwa juu ya kaunta mpaka ukaanguka chini upande wangu, nikainama nikauokota mbele ya mama yangu. Akaongeza, "Kama hujaridhika katafute upepo wako kwingine."

Kwa hiyo mlijua. Hilo ndo linaloniuma kuliko tairi zenyewe. Mtu wenu alisoma stika, aliona 33, alisema 33 kwa sauti, na bado nimeruhusiwa kutoka getini na 51 nikiwa na mzee ndani ya gari. Na yule kijana asiguswe, nikisikia kaadhibiwa kwa kusema ukweli nalo nitaliongeza kwenye malalamiko.

Ninachotaka. Mwanzo, nilipopiga simu, niliomba kitu kidogo tu: mtoe zile 215 mbili, mfunge 225/65R17 102H mbili za aina na mchoro ule ule wa nyuma, mpime upepo kwa stika. Mkaniambia tairi zikishatembea hazirudi. Hazirudi wakati mmefunga nyie, saizi ambayo sikuagiza! Masharti yenu ya kutorudisha yanahusu mteja aliyebadili mawazo, someni wenyewe.

Kwa hiyo ombi la mwanzo limeisha muda. Sasa nataka tairi zote nne mpya za 225/65R17 102H, aina moja, za mwaka mmoja, maana fowili inataka kimo kimoja miguu yote na zile za nyuma zimeshatembezwa na 51. Nataka alaimenti na balansi bila malipo. Nataka mfumo wa fowili ukaguliwe, gia boksi, difu na ile klachi ya kupeleka nguvu nyuma, kwenye gereji nitakayochagua mimi, na gharama zote ziwe zenu, na kikikutwa kimeungua kitu mkinunue. Nataka barua ya kuomba radhi, iliyosainiwa, imtaje na mama yangu. Na kama hamna tairi za saizi hiyo basi nirudishieni hela yote, nikanunue kwa watu wanaosoma.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimeandika mpaka hapa nimebadilisha, ni siku 7 tangu mpokee barua hii. Nina picha za tairi zote nne, picha ya stika, picha ya namba 3119, meseji zenu na risiti. Siku ya 8 vyote vinaenda kwa mwanasheria na kwa mamlaka inayolinda watumiaji, na vinaenda hadharani, na nitaweka picha ya tairi ya mbele na ya nyuma kwa pamoja ili kila mwenye SUV aliyepita kwenu akainame asome za kwake. Na kama kati ya leo na siku hiyo tairi itapasuka au fowili itakufa, hatutaongelea tena tairi, tutaongelea fidia.

Gari nimeipaki, haitembei. Nijibuni kwa maandishi, sitaki kupigiwa simu na kaunta.

Mteja wenu,
mwenye risiti ya tairi nne za 225/65R17