Mama wa njiti naye apate pa kulala

Mhariri,

Mke wangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 30. Binti alikuwa na gramu 1,150. Tukapewa rufaa ya Mwanza, na kutoka kwetu Nansio hiyo ni safari ya meli ya zaidi ya saa tatu. Mtoto alivuka ziwa akiwa amefungwa kifuani kwa mama yake, nesi pembeni, mimi nimeshika beseni la nguo.

Wauguzi wa wodi ile nawaombea heri. Shida yetu haikuwa matibabu. Njiti mdogo vile hawezi kunyonya, hivyo mama hukamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, yapitishwe kwenye mrija wa puani. Mama huyo hawezi kwenda kulala kwa ndugu mjini arudi asubuhi. Mke wangu, mzazi mbichi, alilala kwenye korido juu ya kanga siku 23. Kwetu angekandwa maji ya moto na kupikiwa uji. Kule hakuwa na wa kumkanda wala jiko.

Gesti ya shilingi 10,000 niliimudu siku nne. Baada ya hapo nikafanya kibarua cha kubeba zege na kulala humohumo saiti. Siku moja nesi akaniambia, “Baba, vua shati.” Akamlaza binti kifuani kwangu, kakofia ka sufu kichwani, akatufunga kitenge. Niliogopa hata kumgusa, mikono yangu ilivyokwaruzwa na saruji. Alipumua kama kifaranga, kisha akatulia. Wodi nzima tulikuwa baba wawili. Wengine walirudi kwenye nyavu na mashamba, si kwa kukosa mapenzi bali kwa kukosa pa kulala.

Mei Mosi 2024 Serikali ilitangaza kuwaongezea likizo watumishi wanaojifungua njiti. Ni jambo jema sana. Lakini mke wa mvuvi hana likizo ya kuongezewa. Yeye anahitaji paa.

Nyumba za wajawazito kusubiria kujifungua zipo, kwingine huziita chigonela. Naomba wabunge na madiwani wa Kanda ya Ziwa watenge fedha za nyumba kama hiyo kwa mama wa njiti, hatua chache kutoka wodini: vyumba sita, jiko, choo, bomba la maji. Mimi ni fundi mwashi. Kiwanja kikipatikana, mimi na vijana wangu wawili tutajenga msingi bila malipo.

Baba wa njiti,
Nansio, Ukerewe